Bi. Sonia na utepe wangu mweusi

Mteja alilitandaza dera juu ya meza yangu, akaweka kidole penye shingo. "Fundi, hii ni nyeusi?"

Nikamwambia ni nyeusi.

"Hii ni kahawia. Tena kahawia iliyopauka. Mimi nilitaka nyeusi."

Dera lenyewe lilikuwa buluu iliyokoza, na mimi nilikuwa nimelizungushia utepe mweusi shingoni na kwenye mikono. Niliinama nikatazama. Wallahi alikuwa na haki. Utepe ulikuwa umefifia, umekuwa kama chai ya rangi iliyolala. Nikachukua kipande kilichobaki, nikakiweka juu ya karatasi nyeupe: nyeusi tititi. Nikakirudisha juu ya dera: kahawia. Mteja ananitazama, mimi natazama utepe, na fundi wa mlango wa pili amesimamisha cherehani yake kabisa asije akakosa neno.

Nilimfumulia, nikamwekea utepe wa dhahabu kwa gharama yangu. Kisha nikakichukua kile kipande nikaenda nacho Biashara Street, hapa kwetu Mombasa, kumgombeza aliyeniuzia. Simtaji, maana mtaona mbele kwamba hakuwa na kosa. Alinisikiliza hadi mwisho, akakiweka juu ya jora jeupe la kanzu, akasema, "Bi. fundi, nyeusi ni nyeusi." Nikarudi Kibokoni na hasira zangu na jua la saa saba.

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Jibu nimelipata juzi, nikitafuta habari za blanketi la mtoto.

Kijana wa dadangu amepata mtoto wa kwanza, na mkewe akaniambia, "Mama mdogo, kwa arubaini nataka unishonee blanketi la viraka." Mwenye masalio ni mimi. Nina magunia matatu chini ya meza: vipande vya madera, shifoni, bitana, leso zilizochakaa. Bibi yangu hakuwahi kutupa leso. Ikichanika pindoni aligeuza winda za mtoto, na winda zikichoka alizipanga tabaka tabaka akashona kitandiko. Kwa hiyo kazi naijua, lakini mke wa mwanangu ni msichana wa siku hizi, nikaona nitazame kwenye simu watu wanafanyaje.

Nikaona mablanketi mengi ya Marekani, nyota zimepangwa kama askari wa gwaride. Mazuri, ila yalinichosha. Halafu likaja moja ambalo halikupangwa. Pembetatu hapa, mraba pale, kipande cha rangi ya maziwa kimesukumwa kando na cheusi, waridi limekaa karibu na kijani, mishono haifuati mstari. Nikasema moyoni, huyu mama alikuwa na masalio machache na mtoto analia. Nikagusa picha nisome. Kumbe liko Paris, kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa, na limeshonwa mwaka 1911 na mchoraji aitwaye Sonia Delaunay kwa ajili ya mwanawe Charles, aliyezaliwa Januari ya mwaka huohuo.

Nikaacha kazi. Cherehani ililala mchana mzima.

Alizaliwa Ukraine mwaka 1885 katika familia ya Kiyahudi isiyo na kitu, akaitwa Sara. Sara Stern. (Mtaani kwetu Kibokoni wako akina Sara watatu, na mmoja ana deni langu.) Angali mdogo, mjomba wake upande wa mama, mwanasheria tajiri, alimchukua akamlee St. Petersburg. Huko akapata walimu, lugha, safari za kwenda kutazama majumba ya picha Ulaya, na jina jipya, Sonia Terk. Watoto waliolelewa kwa mjomba tunawajua. Wanakula vizuri na wanajifunza mapema kutazama kila kitu. Yeye mwenyewe uzeeni alisema rangi alizozipenda ni zile za utotoni Ukraine, za harusi za wakulima, mavazi mekundu na ya kijani yenye utepe unaopepea. Angalau utepe wake haukuleta kesi.

Akaenda kusoma uchoraji Karlsruhe, Ujerumani, kisha Paris. Ilipofika 1908 nyumbani walimtaka arudi, naye hakutaka, akaolewa London na Mjerumani aitwaye Wilhelm Uhde, mfanyabiashara wa picha. Ilikuwa ndoa ya stara, kila mmoja alikuwa na lake la kusitiri, na walipeana talaka bila ugomvi. Kupitia jumba la picha la Uhde alikutana na Robert Delaunay, mchoraji kama yeye. Wakaoana mwaka 1910, na mwaka uliofuata likashonwa lile blanketi.

Alieleza mwenyewe jinsi lilivyotokea. Alitaka tu kumshonea mwanawe blanketi la vipande kama yale aliyoyaona katika nyumba za wakulima wa Urusi. Lilipokwisha, wakalitazama yeye na mumewe, wakaona limefanana na kile wachoraji wa Paris walichokuwa wakikisumbukia siku hizo: kuvunja sura ya kitu vipande vipande na kuvipanga upya. Wao wanajadiliana mikahawani, Bi. Sonia ameshamaliza kwa sindano na mtoto amelala ndani yake. Kuanzia hapo aliingiza vipande hivyo katika kila kitu: majalada ya vitabu, masanduku, vivuli vya taa, picha za turubai.

Na hapa ndipo utepe wangu unaporudi.

Bi. Sonia na Robert waliiita sanaa yao "simultané", yaani mambo yanayotokea kwa wakati mmoja. Neno hilo halikutoka kwa mchoraji. Lilitoka kwa mkemia, Michel Eugène Chevreul, aliyewekwa mwaka 1824 kusimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, wanakofuma vitambaa vya kutundika ukutani. Huyu bwana aliishi miaka 102, lakini kilichonifanya nipige kofi mezani ni malalamiko aliyoyakuta kazini. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyeusi ya Gobelins ni dhaifu! Imefifia! Hasa ikifumwa kama kivuli ndani ya buluu na zambarau. Chevreul akaipima nyeusi yao na ya viwanda vingine, akakuta haina ila. Kasoro haikuwa ndani ya pipa la rangi. Ilikuwa kwa jirani.

Mwaka 1839 alichapisha kitabu kinene juu ya jambo hilo. Mimi nimelielewa hivi: jicho likitazama rangi mbili zilizogusana, kila moja humrushia mwenzake kinyume chake. Kinyume cha buluu ni rangi ya chungwa. Buluu ya dera langu ilikuwa inaurushia utepe chembe za chungwa, na nyeusi yenye chungwa ni nini kama si kahawia? Jambo hilo limeandikwa miaka mia moja na themanini na kitu iliyopita, na mimi nimekwenda kumgombeza mtu Biashara Street.

Waliosoma chuo watanicheka. Nacheka nao. Lakini miaka kumi na tisa nashona, na hakuna aliyewahi kuniambia. Tulichofundishwa ni "hii haikai na ile." Kwa nini haikai? Haikai tu.

Bi. Sonia alilichukua jambo ambalo mkemia aliliona kama matatizo ya kazi, akalifanya ndiyo kazi yenyewe. Akaziweka rangi zigombane makusudi, nyekundu kando ya kijani, chungwa kando ya buluu, mpaka picha inatikisika machoni. Mwaka 1913 alichora ukumbi wa dansi wa Bullier, watu wamekumbatiana wanacheza tango chini ya taa za umeme, lakini watu huwaoni mara moja, unaona mapinde ya rangi yanayopishana. Ina karibu mita nne kwa upana, na nilipofika kwenye maelezo ya kitambaa alichochorea nilisoma mara mbili: ni kitambaa cha magodoro. Wachoraji huko hununua turubai. Fundi wa nguo anajua cha magodoro ni kipana, ni kigumu, na hakivutiki.

Ukumbini humo alikuwa akienda Alhamisi na gauni alilojishonea mwenyewe, la viraka vya rangi zinazogombana, na mumewe naye amevaa za kwake. Mshairi Apollinaire aliwaona akaenda kuwaandika gazetini.

Mwaka huo huo wa 1913, pamoja na mshairi Blaise Cendrars, alitoa shairi refu la safari ya garimoshi la Siberia. Halikuwa kitabu cha kufunua kurasa. Ni karatasi moja inayokunjuka mpaka mita mbili, maneno upande mmoja yamebadilisha hati na rangi, na upande wa pili rangi zake zinateremka kama maji. Walipanga nakala 150, ili zikiunganishwa zifikie urefu wa mnara wa Eiffel. Hazikutimia. Mimi nilipenda hesabu hiyo hata hivyo, maana ndivyo mafundi tunavyohesabu: urefu mara idadi, basi.

Vita vya 1914 viliwakuta Uhispania, wakabaki huko na Ureno. Nawaomba mkae nami kidogo hapa Ureno. Waliishi Vila do Conde, kaskazini, na Bi. Sonia akachora soko la Minho, wanawake na bidhaa zao katika jua ambalo Paris halipo. Sasa, Mreno na sisi tunajuana. Ngome yake, Fort Jesus, iko dakika tano kutoka ninapokaa. Na neno leso ni lake, lenço, kitambaa cha kichwani au cha mkononi. Hadithi tuliyokua nayo ni kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo bila kukatwa, vitatu kwa viwili, wakaviunganisha vikawa vazi moja. Viraka! Na Minho kwenyewe wanawake wana desturi ya kudarizi vitambaa vya wachumba, wanaandika humo maneno ya mapenzi. Sisemi Bi. Sonia alijua habari zetu, wala sisemi leso ilianzia Minho. Nasema nilikuwa nimekaa na magunia yangu ya leso, nasoma, na nywele zikanisimama.

Kwa sababu aliporudi Paris mwaka 1921 alifanya nini? Mwaka 1922 akaanza kubuni magauni ya mashairi. Tristan Tzara na washairi wenzake wanatunga, yeye anauzungusha mstari mkononi, anauteremsha kiunoni, maneno na rangi pamoja. Vitabu vya sanaa vinalitaja kama jambo geni. Huku kwetu mwanamke kuvaa maneno si ajabu. Pindo, mji, jina. Leso isiyo na jina ni kitambaa tu. Mamangu alikuwa akitaka kumjibu jirani hafungui kinywa, anatoka nje kufagia na "Mso hili ana lile" iko nyuma, jirani asome mwenyewe. Tofauti ni kwamba ya Tzara yalikuwa mafumbo ya kuchezea lugha, wala hayakumlenga mtu. Hapo, samahani Bi. Sonia, tumekuzidi.

Nimepiga hatua kubwa, nirudi 1917. Mapinduzi ya Urusi yalikata kodi za nyumba zilizokuwa zikimjia kutoka St. Petersburg. Sehemu kubwa ya fedha za kuendeshea nyumba ilikuwa ikitoka upande wa mke. Siku moja zipo, siku ya pili hazipo, mume mchoraji, mtoto wa miaka sita. Akafanya nini? Akafungua duka Madrid, akaliita Casa Sonia, akauza nguo na vitu vya kupambia nyumba. Akabuni mavazi ya mchezo uliohusu Cleopatra, mwaka 1918, wa Diaghilev, Mrusi mwenye kundi la dansi ya bale. Sijawahi kuona picha ya Robert ambayo sikumwona nyuma yake mwanamke aliyelipa kodi.

Paris ya miaka ya ishirini ndiyo iliyomtajirisha jina. Mwaka 1923 kiwanda kimoja cha Lyon kilimwagiza michoro hamsini ya vitambaa. Vitambaa vyake havikuwa na majina, alivipa namba, na hilo limenishangaza kwa mtu aliyependa maneno vile. Waliomdarizia makoti walikuwamo wanawake wa Kirusi waliokimbia nchi yao. Koti moja lilinunuliwa na Gloria Swanson, nyota wa sinema. Katika maonyesho makubwa ya 1925 alikuwa na duka juu ya daraja la Alexandre III, pamoja na mwuza manyoya Jacques Heim. Kuna picha ya wakati huo ambayo nimeihifadhi kwenye simu: wasichana wawili wamevaa nguo zake, na nyuma yao gari la Citroën lililopakwa mraba mraba kufuata mitindo yake. Watu wa Paris wanasema ilikuwa ajabu. Ningemleta Bi. Sonia stendi ya Buxton saa kumi na moja jioni, ahesabu matatu zetu zilizopakwa rangi.

Wakati huohuo yeye alikuwa ndiye "mke wa Robert". Kila maelezo niliyofungua yanaanza hivyo, au yanasema aliacha uchoraji akaenda kushona ili mumewe apate nafasi ya kuchora. Kuna ukweli ndani yake, mkate uliletwa na nguo. Lakini neno "aliacha" ndilo linalonikera. Mtu ameshona blanketi, kutoka kwenye blanketi zikatoka picha, kutoka kwenye picha yakatoka magauni, rangi ni zilezile, jicho ni lilelile. Aliacha nini? Mwaka 1927 walimwita chuo kikuu cha Sorbonne aeleze jinsi uchoraji ulivyoathiri mavazi, naye akaenda akahutubia. Sijui kwa Kifaransa wanasema nini, lakini kwetu kuna neno fundi, na fundi wa nguo, fundi wa jahazi na fundi wa kuchonga milango ya Mji wa Kale wote wanaitwa hivyohivyo, hakuna aliyeambiwa ameacha kazi kwa sababu amebadilisha mbao.

Soko la hisa lilipoanguka 1929 wateja wa makoti walipotea, akafunga karakana, akarudi kwenye brashi. Mwaka 1937 yeye na Robert walichora kuta kubwa sana za majumba ya ndege na reli katika maonyesho ya Paris.

Kilichofuata nakisema kwa ufupi kwa sababu mkono unakuwa mzito. Wajerumani walipoingia Paris mwaka 1940 walikimbilia kusini. Robert alikuwa na saratani, akafa Montpellier Oktoba 1941. Bi. Sonia, mjane, Myahudi, akabaki katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa ikiandikisha Wayahudi kisha ikawakabidhi. Alikaa Grasse na marafiki wasanii, Jean Arp, mkewe Sophie Taeuber, na Alberto Magnelli. Na walifanya nini wale wanne? Walichora pamoja, kwenye karatasi moja, kila mmoja anaongeza lake. Sophie alikufa mwanzoni mwa 1943, akiwa Zurich. Michoro hiyo ilikuja kuchapishwa mwaka 1950.

Shoga yangu, niliyekuwa namsomea haya kwa sauti huku akinisubiri nimalize sketi yake, aliniuliza, "Hata wakati ule anachora?" Nikamwambia ndiyo, wakati ule. Akanyamaza, akaichukua sketi akaanza kunipigia pindo yeye mwenyewe.

Miaka mingi baada ya vita aliitumia kulijenga jina la mumewe, kuhakikisha picha za Robert zimeonyeshwa na zimenunuliwa. Lake likafuata taratibu. Mwaka 1964, baada ya yeye na Charles kuipa serikali ya Ufaransa kazi zaidi ya mia moja za wote wawili, zilitundikwa Louvre, makumbusho makubwa ya Paris, na yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuonyeshwa pale angali hai. Alikuwa na miaka 78. Mwaka 1975 akapewa nishani ya Légion d'honneur. Alikufa Paris tarehe 5 Desemba 1979, miaka 94, na karibu hadi mwisho alikuwa akichora.

Na Charles, mtoto wa blanketi? Hakushika brashi wala sindano ya kumpatia jina. Alishika santuri. Akawa mjuzi mkubwa wa muziki wa jazi, mmoja wa walioendesha klabu ya Hot Club de France, na mwaka 1936 akachapisha orodha nene ya rekodi za jazi. Huenda mtoto akilala miaka miwili ndani ya rangi zinazopiga kelele hutafuta kelele nyingine.

Blanketi letu nimelimaliza Jumapili. Nimetumia kisutu cha bibi, sehemu isiyochanika, nyekundu na nyeusi na nyeupe, na masalio ya buluu ya lile dera lenye kesi. Pembetatu moja nyeusi niliibandika kwa pini kando ya buluu, ikapauka palepale. Nikaihamishia kando ya kipande cha chungwa, ikakaa nyeusi kama kisima. Nilifanya hivyo mara nne au tano, mbele na nyuma, peke yangu, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Mke wa mwanangu alipoliona alisema, "Mama mdogo, mbona halina mpangilio?" kisha akamfunika mtoto nalo na hajalirudisha, basi nimeridhika.

Jana nilikwenda Biashara Street kununua bitana. Yule bwana aliponiona alisogea nyuma kidogo. Nikamwomba radhi, nikatoa kipande cha buluu na kipande cha utepe, nikamwonyesha juu ya meza yake: nyeupe chini, nyeusi, buluu chini, kahawia. Nyeupe, buluu. Alikaa anatazama, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Kisha akageuka akamwita kijana wake wa dukani.

"Lile jora jeusi tulilomrudishia tajiri mwaka jana tukamwambia ni bovu, tulilitandaza juu ya nini?"